Amri ya ulinzi na korti maalum za dhuluma za nyumbani Kenya: unaanzia wapi, unabeba nini

Kila wiki naulizwa yaleyale. "Dada, ile korti ya Shanzu naendaje, najitokeza tu asubuhi?" "P3 ni pesa ngapi?" (P3 ni ile fomu ya polisi ambayo daktari anaandika majeraha yako.) "Hatujafunga ndoa, tunaishi tu pamoja, nitasikizwa kweli?" "Mi sitaki afungwe, nataka tu aniwache nipumue, nifanyeje?" Nikimjibu mmoja leo, kesho anapiga mwengine na swali lilelile, kwa hivyo nimekaa chini nikaandika yote mahali pamoja, ukipata mtu anauliza mtumie hii.

Mimi si wakili. Ni paralegali, yaani msaidizi wa mambo ya sheria, wa mtaani huku upande wa Kisauni, Mombasa, kazi yangu kubwa ni kusindikiza watu, kukaa nao kwenye benchi la stesheni na benchi la korti, kwa hivyo naandika kile nimeona kinafanya kazi na kile nimeona kinaharibu kesi. Naandika zaidi kwa akina mama manake ndo wengi wanaonijia, lakini sheria haichagui, wanaume pia wanaomba amri na wanapewa, wazee wanaopigwa na watoto wao pia.

KAMA SAA HIZI UKO HATARINI wacha kusoma. Toka kwanza. Polisi ni 999 au 112, laini ya dhuluma za kijinsia ni 1195 haikati pesa, na kama ni mtoto piga 116.

Kwanza jua njia ni mbili

Hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa alafu wanalaumu korti bure.

Njia ya kwanza ni ya jinai. Umepigwa, umechomwa, umebakwa, unaripoti polisi, mshukiwa anashikwa, anashtakiwa. Hii kesi ni ya serikali, anayeiendesha ni kiongozi wa mashtaka wa ofisi ya DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma), wewe ni mlalamishi na shahidi. Huhitaji kuajiri wakili.

Njia ya pili ni ya kuomba ulinzi. Kuna Sheria ya Kukinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015, chini yake wewe mwenyewe unaenda kwa hakimu kuomba amri ya ulinzi, yaani karatasi ya korti inayomwambia huyo mtu asikuguse, asikutishe, asije unapokaa ama unapofanya kazi. Si lazima awe ameshtakiwa. Si lazima afungwe. Yule anayesema "nataka tu aniwache" njia yake ni hii. Na hakuna kitu kinakuzuia kutembea na zote mbili kwa wakati mmoja, mi hata ndo napendekeza kama umeumizwa.

Sasa hizi korti maalum. Ya kwanza Kenya ilifunguliwa Shanzu, hapa Mombasa, Machi 2022, na Jaji Mkuu Martha Koome, alafu zikafuata zingine nje ya Pwani, Siaya ikiwemo. Ziliwekwa kwa ajili ya kesi za dhuluma za kijinsia na za kingono, manake kwenye korti ya kawaida kesi ya mtoto aliyenajisiwa inakaa foleni moja na ya wizi wa kuku na ya leseni ya baa, na shahidi anasukumwa benchi moja na mtu aliyemuumiza. Kwenye korti maalum kuna mahali pa kungojea pa mashahidi, unaweza kutoa ushahidi bila kumwangalia mshtakiwa usoni, na wanaoshika hizo kesi wamefundishwa namna ya kuongea na mtu aliyeumizwa.

Lakini shika hili: korti maalum haina mlango wa wewe kuingia na kusema nimekuja kushtaki. Kesi ya jinai inafika pale kupitia stesheni ya polisi na ofisi ya DPP. Nimeshaona mama ametoka Mtwapa na mtoto mgongoni amepanda matatu mpaka Shanzu saa moja asubuhi, amekaa mpaka saa sita, kumbe hajaandikisha hata OB, kile kitabu cha matukio cha stesheni ya polisi. Korti inakula karatasi. Bila karatasi hata hakimu akiwa na huruma namna gani hana cha kushika.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kitambulisho, ama kopi, ama hata namba yake tu kama huyo anayekudhulumu amekificha (wanaficha sana)
- Simu ambayo yeye hajui neno la siri lake. Kama PIN ya M-Pesa anaijua ibadilishe leo, manake ukilipa nauli ama kopi ataona kwenye stetimenti umeenda wapi
- Daftari dogo na kalamu
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto ukiweza, na cheti cha ndoa kama kipo. Kama hakipo usihangaike, sheria inataja pia wanaoishi nyumba moja, waliowahi kuoana, waliochumbiana, walio na mtoto pamoja, na ndugu
- Jina lake kamili, namba yake ya simu, anapofanya kazi, anapolala. Utacheka lakini nimewahi kukaa na mtu ameishi na mwanamume miaka minne anamjua kwa jina la utani tu, korti haiwezi kumpelekea karatasi "Baba Shuu wa stendi ya tuktuk"
- Mtu mmoja unayemwamini wa kukuwekea kopi. Mmoja. Si kikundi cha WhatsApp cha familia

Mahali pa kuficha karatasi pia pafikirie mapema. Kuna dada mmoja alificha P3 yake ndani ya kopo la unga wa sima, chini kabisa, ameikunja mara nne kwenye mfuko wa maziwa. Siku ya korti akaitoa pale mezani kwa karani, unga ukamwagika juu ya mafaili yote, karani akapangusa tu kwa mkono akaifungua akasoma. Haikuwa na doa. Wengine wanaweka chini ya godoro na hapo ndo pa kwanza kuangaliwa.

Hatua kwa hatua

1. Hospitali kabla ya kila kitu.
Kama umeumia, nenda utibiwe kwanza, OB itangoja. Kama umebakwa usioge, usifue nguo, usipige mswaki kama kulihusika mdomo, na uende ndani ya masaa 72 manake dawa za kuzuia HIV zinaanzwa ndani ya hayo masaa (unazimeza siku 28). Dawa ya kuzuia mimba ina dirisha refu kidogo mpaka masaa 120 lakini mapema ndo bora. Hospitali kubwa zina kituo cha waathiriwa wa dhuluma, kwa Mombasa ni pale Coast General, Nairobi watu wengi wanaenda Nairobi Women's. Waambie wakujazie fomu ya PRC, hiyo ni ya kesi za kingono, inajazwa na daktari ama afisa wa kliniki hapohapo, na nakala yako uondoke nayo.

Nguo ulizokuwa nazo tia kwenye mfuko wa karatasi, hata bahasha ya kaki ya dukani. USITIE kwenye mfuko wa plastiki, zitatoa jasho na kuoza na ushahidi umekwenda.

Karatasi za matibabu zote weka, hata kijikaratasi cha kununua Panadol. P3 itajazwa kutoka kwenye hizo rekodi, kama haukutibiwa siku ile daktari wa baadaye ataandika nini?

2. Stesheni, andikisha OB.
Ingia, sema unataka kuripoti dhuluma za nyumbani, uliza kama kuna dawati la jinsia. Una haki ya kuomba kuandikisha taarifa kwa afisa wa jinsia yako, sheria ya 2015 imesema hivyo, kwa hivyo usione haya kumwambia, "Afande, naomba niongee na afisa wa kike." Usitoke bila namba ya OB. Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe, saa, na jina la afisa aliyekuandikia.

Angalia hapa: wengi wanaandikisha "tuligombana". Mmegombana ni nini sasa? Sema kilichotendeka. "Alinipiga ngumi mbili kwenye jicho la kushoto, akanikaba shingo nikashindwa kupumua, akasema ataniua." Kama umekabwa shingo LISEME HILO hata kama hakuna alama, madaktari wanalichukulia kwa uzito sana na linabadilisha vile kesi inaangaliwa.

3. P3.
Unapewa stesheni, polisi wanajaza sehemu yao na kupiga muhuri, alafu unapeleka hospitali ya serikali daktari ajaze sehemu yake. P3 ni bure. Narudia kwa herufi kubwa manake ndo swali namba moja: P3 NI BURE. Ukiitishwa pesa, uliza kwa upole, "Hii naandikiwa risiti?" mara nyingi hilo swali peke yake linatosha.

Kwenye P3 daktari anaandika aina ya jeraha, na hiyo ndo inaelekeza shtaka. Kumjeruhi mtu kwa kawaida kifungo ni mpaka miaka 5, madhara makubwa inaweza kufika maisha. Kwa hivyo mwonyeshe daktari KILA mahali panauma, hata chini ya nguo, hata sikio ambalo halisikii vizuri tangu ile kofi. Watu wanaonyesha jicho tu kwa sababu ndo linaonekana.

Piga kopi mbili tatu kabla hujairudisha stesheni.

4. Kusanya ushahidi wako mwenyewe, usiwachie polisi yote.
Picha za majeraha piga siku ya kwanza, ya tatu, ya tano. Ngozi zetu hizi jeraha siku ya kwanza halionekani vizuri, siku ya tatu ndo linageuka rangi. Piga moja inayoonyesha uso wako na jeraha pamoja ili mtu asiseme ni mguu wa mtu mwengine, na moja ya karibu ukiweka sarafu kando ionekane ukubwa. Mchana, karibu na dirisha, bila zile filta za kulainisha uso (ndio, nimeletewa picha ya jeraha lenye masikio ya paka).

Meseji za vitisho usifute. Piga skrinishoti zinazoonyesha namba na tarehe, si jina tu ulilomhifadhia, alafu usiuze wala kubadilisha hiyo simu. Ukiziprinti kwa ajili ya korti zinahitaji cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, ni karatasi fupi ya kueleza zimetoka simu gani, nani aliziprinti, kwa mashine gani, na mashine ilikuwa inafanya kazi sawa. Watu wanakuja na skrinishoti arubaini bila hicho cheti, wakili wa upande wa pili anasimama mara moja tu na zote zinawekwa kando.

Mashahidi: jirani aliyesikia, mtoto mkubwa aliyeona, mlinzi wa ploti. Andika majina na simu zao mapema, wapangaji wanahama.

5. Andika maombi ya amri ya ulinzi.
Hii ndo hatua yenyewe kwa wengi wenu. Unahitaji maombi na hati ya kiapo, yaani maelezo yako yaliyoapwa. Ukipata msaada wa bure bora zaidi: FIDA (chama cha mawakili wanawake) wana ofisi Mombasa, Nairobi na Kisumu, shirika la Kituo cha Sheria wako Mombasa pia, na kuna huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa chini ya sheria ya 2016. Kama huwezi kwenda mwenyewe kwa woga ama ugonjwa mtu mwengine anaweza kuomba kwa niaba yako, na mtoto anaombewa na mtu mzima.

Kiapo kiandikwe kwa mpangilio huu, mi nimeona unasomeka haraka:

Wewe ni nani na yeye ni nani kwako. Tukio la karibuni kabisa, tarehe, saa, mahali, alifanya nini kwa mikono yake na alisema nini kwa mdomo wake. Alafu la mwanzo kabisa. Alafu lile baya kuliko yote. Alafu kwa nini unaogopa SASA, hii ndo watu wanasahau, hakimu anataka kujua kwa nini amri isingoje. Mwisho unachoomba.

Usiandike historia ya ndoa nzima tangu posa. Kurasa tatu nne zinatosha. Na usiongeze chumvi hata kidogo, ukisema alikupiga na panga na P3 inasema kofi, yale mengine yote ya kweli yatatiliwa shaka pamoja na hilo moja.

Kwenye "unachoomba" kuwa wazi, usiombe tu "ulinzi". Unaweza kuomba asikuguse wala kukutishia yeye mwenyewe ama kwa kutuma watu, asiingie nyumbani, asifike kazini kwako wala shule ya watoto, asikupigie wala kukuandikia, usindikizwe na polisi kuchukua vitu vyako, na matumizi ya dharura kama yeye ndo alikuwa akishika mfuko. Dhuluma si ngumi peke yake, sheria imetaja pia kutukanwa, kufuatwafuatwa, kuharibiwa mali, kunyimwa pesa makusudi, kulazimishwa tendo ndani ya ndoa, hata mawifi na wakwe wanaoingilia. Kama bosi wa hiyo nyumba ni mama mkwe, mtaje kwa jina.

Kiapo kikiwa kwa Kiingereza hakikisha kimesomwa kwako chote kwa Kiswahili kabla hujatia sahihi mbele ya kamishna wa viapo. Utaulizwa mambo yaliyo ndani yake, na "sijui, wakili ndo aliandika" ni jibu baya.

6. Faili maombi.
Unaenda korti ya hakimu iliyo karibu na unapokaa. Si lazima iwe Shanzu, si lazima iwe korti maalum, tafadhali usitoke Kinango kuja Shanzu na nauli ya kukopa. Siku hizi kufaili ni kwa mtandao, mfumo wa mahakama ulienezwa nchi nzima Machi 2024, karatasi zinaskaniwa na kupandishwa. Kwenye korti kuna dawati la wateja watakusaidia, uliza hapo kabla ya kwenda saiba (duka la kompyuta na intaneti). Na kama umeenda saiba funga akaunti, futa faili kwenye kompyuta yao, chukua flashi yako. Namba ya simu na imeli unayoweka kwenye mfumo iwe ile ambayo yeye haioni, tarehe za kesi zinatumwa huko.

Ukiambiwa kuna malipo uliza ni ya nini na lipa kwa namba rasmi inayotoka kwenye mfumo wenyewe. Usimpe mtu yeyote pesa mkononi kwenye korido, hata kama amevaa tai.

Maombi yako ni ya dharura, yaandikwe hivyo juu kabisa, na umwambie karani kwa mdomo pia.

7. Amri ya muda.
Hakimu akiona hatari ipo anaweza kutoa amri ya muda bila yule mwenzako kuwepo wala kujua. Watu hawaamini hii mpaka waione. Baadaye yeye ataitwa naye asikizwe, ni haki yake, alafu ndo inaamuliwa kama amri iendelee. Soma amri yako kabla hujatoka korti: imekataza nini hasa, mpaka tarehe gani, muhuri upo, jina lake limeandikwa sawa?

8. Kumpelekea.
Amri haifanyi kazi vizuri kama hajapewa na hakuna ushahidi kwamba amepewa. Uliza rejista (ofisi ya mafaili ya korti) nani atampelekea na omba ipitie kwa polisi. USIMPELEKEE WEWE. Usimpe mtoto ampelekee. Usimtumie picha WhatsApp ukiandika "sasa jaribu uone". Hiyo siku anapopokea karatasi na siku mbili tatu zinazofuata ndo nazoziogopa zaidi katika hii kazi yote, kwa hivyo panga kulala kwengine, watoto wawe mahali, shule wajue nani pekee anaruhusiwa kuwachukua.

Peleka kopi stesheni ya karibu na unapolala, irekodiwe kwenye OB. Kopi nyingine kwa mlinzi wa ploti, kwa mwalimu mkuu, moja tembea nayo.

9. Siku ya korti.
Fika saa mbili. Kaa mbali naye, mwambie karani ama askari wa korti kama unamwogopa, omba ungojee chumba cha mashahidi kama kipo. Hakimu unamwita "Mheshimiwa". Kiswahili ni lugha halali ya korti za mahakimu, ongea Kiswahili chako kwa raha, na kama lugha yako ni nyengine omba mkalimani mapema. Kwa kesi za kingono unaweza kuomba kutoa ushahidi nyuma ya pazia ama kwenye kibanda cha mashahidi, kesi isikizwe faragha, na kama shahidi ni mtoto ama mtu mwenye ulemavu awe na mtu wa kati wa kumsaidia kueleza. Mwambie kiongozi wa mashtaka mapema, si ile dakika unaitwa kizimbani.

Jibu ulichoulizwa, nyamaza. Hukumbuki, sema hukumbuki. Ukilia, lia, omba maji, endelea.

Pia jua kuna siku ya kutajwa na siku ya kusikizwa. Kutajwa ni dakika tatu umemaliza, usilete mashahidi watano kutoka Kilifi. Uliza karani ni ipi.

Mambo yakikwama

*Polisi wanasema ni mambo ya nyumbani mkaongee.* Hii mimi mwenyewe nimeambiwa, nikiwa nimemshika mtu anavuja damu sikioni, afisa akatuambia turudi tukazungumze na wazee. Omba kumwona OCS, mkuu wa stesheni. Ukikataliwa andika jina na saa, nenda stesheni nyengine ama rudi na paralegali, FIDA, yeyote, wakikuona na mtu wanabadilika ghafla. Malalamiko kuhusu polisi yanapelekwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Na kumbuka njia ya pili, hakimu hakuombi ruhusa ya polisi ndo asikilize maombi yako.

*Familia imekaa, wazee wamesema tumalizane, wameleta mbuzi na pesa.* Hapa ndo kesi nyingi zinafia, kuliko wakili mzuri wa upande wa pili. Kama ni kesi ya kingono jibu ni fupi: Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema uamuzi wa kusimamisha kesi si wako wala wa wazee, umewekwa juu. Mwambie hivyo baba mkubwa, mrushie lawama DPP, "Mimi nimekubali baba, ni serikali imekataa." Inasaidia kupunguza presha, sioni haya kusema nimewafundisha watu hiyo sentensi.

*Nimeambiwa niende kwa Kadhi.* Kwa Kadhi unapata talaka, matumizi, eda, mirathi, mambo ya ndoa ya Kiislamu. Amri ya ulinzi omba kwa hakimu. Zinaenda sambamba, moja haifuti nyengine, na kuomba ulinzi si kuomba talaka.

*Amevunja amri.* Usibishane naye mlangoni. Piga simu polisi, rekodi kama ni salama, nenda OB na kopi ya amri mkononi. Kuvunja amri ya ulinzi ni kosa lenyewe, faini isiyozidi shilingi 100,000 ama kifungo kisichozidi miezi 12 ama vyote. Lakini wewe pia usimwite aje kuleta pesa za unga alafu umripoti amekuja, atamwonyesha hakimu meseji yako. Kama anatakiwa kuleta matumizi iwe M-Pesa.

*Faili haionekani.* Inatokea hata siku hizi za mtandao. Ndo kopi zako zile. Andika namba ya kesi, kaa rejista kwa heshima lakini usiondoke, muulize karani jina lake. Ikizidi kuna ofisi ya Ombudsman wa Mahakama ya kulalamikia.

*Kesi inasukumwa kila mara.* Itasukumwa, sitakudanganya, korti maalum zimepunguza lakini hazijamaliza. Mara daktari wa P3 hayupo amehamishwa, mara afisa mpelelezi yuko kozi. Wiki moja kabla ya tarehe mpigie mpelelezi umuulize kama daktari ameshapewa wito. Siyo kazi yako, najua, lakini fanya. Na usikose hata siku moja wewe, mlalamishi akikosa mara mbili tatu kesi inaanza kulegea.

*Ameanza kubadilika, nataka kuiondoa amri.* Ni maisha yako. Lakini rudi korti uombe ibadilishwe ama iondolewe, mbele ya hakimu. Usiichane. Mmoja aliichana mbele ya mumewe kuonyesha amesamehe, miezi michache baadaye tulikuwa tena pale rejista, jicho limefunga, tunaomba kopi, karani akauliza namba ya kesi, na kati yetu hakuna aliyeikumbuka. Hiyo namba iandike leo, nyuma ya picha ya mtoto, kwenye kifuniko cha Msahafu ama Biblia, popote, lakini iandike.